Niweke bakteria kwenye zege la nguzo?

SWALI: Mshauri, najenga hapa Ifakara na nimefika hatua ya nguzo na lenta. Kuna kijana anauza dumu la maji anayodai yana bakteria wa kuimarisha zege. Ati nikiyatia nitapunguza saruji. Fundi wangu naye anataka tuchanganye majivu ya pumba za mpunga, maana mashineni yanapatikana bure. Nimsikilize nani?
Mjenzi, Ifakara

JIBU: Ndugu Mjenzi, dumu hilo achana nalo.

Bakteria wa zege wapo kweli. Huko Delft, Uholanzi, mtaalamu Henk Jonkers alianza kuwashughulikia mwaka 2006. Hufungiwa wakiwa wamelala, pamoja na chakula chao, kisha huchanganywa kwenye zege. Zege likipasuka na maji yakapenya, huamka, hula, na kutengeneza chokaa inayoziba ufa usiozidi milimita 0.8. Kazi yao ni kuzuia maji yasifikie nondo yakaleta kutu. Hawachukui nafasi ya saruji hata kidogo. Isitoshe, zege bichi lina ukali wa kuunguza ngozi. Bakteria aliyemwagwa humo bila kinga hana maisha. Na kama dumu lina sukari au molasi, zege lako linaweza kuchelewa kushika.

Fundi wako ana hoja, ila si kwa nguzo. Majivu mazuri ya pumba yana silika nyingi, nayo huungana na chokaa inayotokana na saruji na kuongeza uimara. Lakini lazima pumba zichomwe kwa moto usiozidi takriban nyuzi 700, kisha majivu yasagwe laini. Yale ya lundo la mashineni yana mkaa mwingi na hunywa maji. Fundi ataongeza maji, na zege litadhoofika. Akitaka kujaribu, ajaribu kwenye matofali ya uzio.

Uimara unaoutafuta uko hapa: saruji ya 42.5, mchanga usio na udongo, vipimo vya 1:2:4, na maji yasiyozidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Mchanga ukiwa umelowa, punguza zaidi. Fundi akilalamika kwamba zege ni zito, mwambie alishindilie vizuri badala ya kulimiminia maji. Kisha limwagilie kila siku kwa siku 7 au zaidi.

Hela ya dumu nunulia saruji.