Simu Yako na Mtoto wa PP1: Kijitabu kwa Walimu wa Mazoezi na Wazazi

Kijitabu hiki kimetolewa na idara ya elimu ya chekechea ya kaunti. Ni cha walimu wa mazoezi, yaani wanachuo wanaotumwa na vyuo vyao kufundisha madarasa ya PP1 na PP2, na cha wazazi wenye watoto katika madarasa hayo. Kilichotufanya tukiandike ni malalamishi. Kila msimu wa mazoezi unapoanza, wazazi hutujia na simu mkononi kutuonyesha picha ya mtoto wao waliyoikuta kwa jirani, kwa shangazi aliye Mombasa, au kwenye ukurasa wa mtu wasiyemjua. Picha imepigwa darasani, aliyeipiga ni mwalimu wa mazoezi, na mzazi hakuulizwa.

Tunajua wengi wenu hamtuamini. Mzazi anadhani malalamishi yake yatafungiwa kabatini. Mwanachuo anadhani tunamtafutia kosa ili asifuzu. Tunawaomba msome kwanza.

Picha hupigwa lini

Siku ya mwalimu wa mazoezi huanza kabla ya kengele. Anapanga kona za kujifunzia, anahesabu vizibo vya chupa, analainisha udongo wa kufinyanga, analipitia andalio la somo mara ya mwisho. Watoto wanaanza kuingia: mmoja anamng'ang'ania dada yake langoni, mwingine kavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Kipindi ni cha nusu saa, lakini mtoto wa miaka minne hana habari na nusu saa. Katikati ya wimbo huyu anataka choo, yule analia kalamu yake ya rangi imechukuliwa. Saa nne ni uji. Vikombe vinamwagika, mashati yanapanguswa, na hakosi mmoja ambaye hanywi mpaka Ticha amshikie kikombe. Ni kazi nzito, na wanaoifanya vizuri wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa.

Ni hapo simu inapotoka mfukoni. Mara nyingi nia si mbaya. Mwanachuo amefurahi kwamba somo limekwenda vizuri, au anahitaji ushahidi wa kuweka kwenye jalada lake la mazoezi kabla mhadhiri hajaja kumtathmini. Wengine wamezoea tangu mtaala wa umilisi ulipoingia na wazazi wakawa wanaombwa picha za kazi za watoto kila mara. Lakini nia njema haimlindi mtoto, na mbele ya sheria haikulindi wewe.

Itazame picha yenyewe

Chukua picha ya kawaida kabisa. Mtoto wa kike anacheka, ana uji mdomoni. Sasa mwache mtoto, tazama yaliyomzunguka. Sweta lina nembo ya shule. Kifuani kuna kitambaa kilichobanwa kwa pini na jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino. Nyuma yake ukutani kuna chati ya siku za kuzaliwa za darasa zima, majina na tarehe. Kwenye ubao kuna tarehe ya leo. Simu nyingi, zisipozimwa mpangilio huo, huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Mtu asiyewahi kukanyaga mtaa huo sasa anajua mtoto huyu anaitwa nani, anasoma wapi, ana umri gani na anapatikana saa ngapi. Mtu wa namna hiyo akisimama langoni saa sita na kumwita mtoto kwa jina lake, mtoto atamfuata.

Kumbuka pia kwamba wapo watoto ambao mama zao wamewahamisha usiku kukimbia kipigo nyumbani, na wapo wanaogombaniwa mahakamani. Mwalimu wa mazoezi hawezi kuwajua kwa kuwatazama. Picha moja kwenye hadhi ya WhatsApp inatosha kumwonyesha mtu hatari mahali pa kwenda. Utasema hadhi hufutika baada ya saa 24. Lakini nakala ya aliyeipiga picha ya skrini haifutiki.

Hatutavumilia hata kidogo video za watoto wakilia, waliojikojolea, au wanaokosea kutamka, zinazorushwa mtandaoni zikiwa na maneno ya kuchekesha. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima na video itakuwepo. Anayefanya hivyo anamdhalilisha mtoto, na tutalishughulikia kama udhalilishaji.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019. Kifungu cha 33 kinasema data ya mtoto isishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi wake, na hata idhini ikiwepo, ishughulikiwe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Sura ya mtoto ni data. Jina lake ni data. Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya faragha. Haikusema mtu mzima. Imesema kila mtu.

Wanaodhani haya ni vitisho vya karatasi wakumbuke Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alipoitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kilicho kidogo kati ya hivyo. Hesabu shule yako ya chekechea ingepata wapi fedha hizo.

Utaratibu wa kufuata

Simu ibaki ofisini. Huo ndio utaratibu, na tunaurudia kwa sababu ndio unaopuuzwa zaidi: ukiingia darasani, simu ibaki ofisini. Jamaa yako akikuhitaji kwa dharura atapiga ya shule.

Kama chuo chako kinadai picha za jalada, piga kazi, usipige mtoto. Piga mchoro ukiwa peke yake mezani, mnara wa vizibo, umbo la udongo, mikono bila uso. Tumia kifaa cha shule mbele ya mwalimu wa darasa, na ufute jina lililoandikwa pembeni. Nembo na chati za ukutani zisionekane.

Tena mara nyingi picha haihitajiki kabisa. Mhadhiri anayejua kazi yake anathamini zaidi maelezo kama haya: "Amepanga vizibo kwa rangi bila kusaidiwa, akahesabu hadi tano, akaruka sita, akarudi mwenyewe kusahihisha." Maelezo hayo yanaonyesha mtoto anajua nini na mwalimu ameona nini. Picha ya mtoto anayetabasamu mbele ya vizibo haionyeshi lolote kati ya hayo.

Uso ukilazimu kuonekana, pata idhini ya maandishi kabla, kwa lugha anayoielewa mzazi. Asiyejua kusoma asomewe, aulizwe ameelewa nini. Fomu itaje picha ni ya kazi gani, nani ataiona na itafutwa lini. Mzazi aliyekubali picha ya jalada hajakubali TikTok. Sahihi aliyotia siku ya kumwandikisha mtoto, chini ya karatasi yenye mambo kumi mengine, sisi hatuihesabu kuwa idhini. Na akibadilisha mawazo kesho, ana haki hiyo. Futa bila kumkasirikia wala kumbagua mtoto wake.

 

Mzazi, wewe ufanye nini

Anza kwa mwalimu mkuu. Usipojibiwa, njoo kwetu. Idara hii imefungua mlango wake kwa wazazi kwa jambo hili na tunajivunia hilo. Unaweza pia kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na sheria inataka uchunguzi umalizike ndani ya siku 90. Ukihofia usalama wa mtoto wako sasa hivi, usisubiri siku 90. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Nawe mwalimu wa mazoezi uliyekwisha kuweka picha mtandaoni, iondoe leo. Ifute pia kwenye hifadhi ya mtandaoni na kwenye makundi uliyoituma, kisha umwambie mwalimu mkuu kabla mzazi hajamwambia. Fomu za idhini ziko ofisini kwake. Chukua moja kwa kila mtoto unayemhitaji, na ambaye yake haikurudi na sahihi, jina lake liondoke kwenye orodha yako ya picha.