Ukurutu wa Chuchu Usiopona

Chuchu moja ikiwasha, ikambuka magamba au kutoa majimaji, na malhamu isifae kitu, huenda si ukurutu. Ni saratani adimu aliyoieleza daktari James Paget wa London mwaka 1874. Ukurutu wa kawaida mara nyingi hushika chuchu zote mbili.

Bibi wa Mji wa Kale, kwa haya, aweza kupaka dawa ya dukani miezi mingi. Asingoje; Hospitali Kuu ya Pwani iko papo hapo kisiwani, na daktari wa kike huombwa. Hukatwa kijipande cha ngozi kikapimwa kwa hadubini, na titi hupigwa picha, kwani mara nyingi ndani mna saratani nyingine, hata pasipo uvimbe unaoshikika. Tiba ni upasuaji. Si lazima titi zima liondolewe.