Shika Machache, Uyatimize

Ndugu msomaji, nguvu ya mwanadamu ina kipimo. Mkulima wa Handeni hulijua jambo hili, kwani mvua za huko hazina uhakika na palizi haingoji. Afyekaye makonde manne kwa pupa, hali ana mikono miwili tu, hushindwa na magugu. Bali mwenye konde moja alilolipalilia kwa wakati hutumaini mavuno.

Jirani na Handeni iko Korogwe, nchi ya mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mmea huo kutoka Florida, Marekani. Iliyosalia hai ni 62 tu. Hiyo michache ikatunzwa na kuzalishwa, hata mkonge ukaenea katika mashamba makubwa ya Tanganyika.

Kinyume chake ni mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanzia Kongwa mwaka 1947, kisha ukaingia Urambo na Nachingwea. Ulikusudia ekari zaidi ya milioni 3 kwa haraka. Mwaka 1951 ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea.

Basi wewe uliyeingia katika dini karibuni, au ungali ukiitafuta haki, usitake kuyashika yote kwa juma moja. Afanyaye hivyo huchoka upesi, akaacha hata kidogo alichokiweza. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kuwa amali ndogo idumuyo ndiyo impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu. Anza na moja, uitimize, kisha uongeze.