Kompyuta za Ofisi Zikienda Pole Pole: Tuanzie Wapi?



Kuna vikundi vilivyoungana na kuweka hesabu za akiba na mikopo katika ofisi moja. Kompyuta tatu au nne zimeunganishwa kwa waya, na zote zinatumia faili moja iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita kwa Microsoft Access, programu iliyotoka 1992. Zamani kazi ilikuwa ya haraka. Sasa karani anaandika namba ya mwanachama, halafu anangoja. Mama aliyetembea kutoka mbali kulipa mkopo anaambiwa, "Rudi kesho, mashine imekwama." Baada ya muda watu wanaanza kunong'ona kwamba pesa zao zinaliwa.

Hapo kamati husema, "Tununue kompyuta mpya." Ngojeni kwanza! Hizo pesa ni jasho la wanachama. Mgonjwa hupimwa kabla ya kupewa dawa.

KWA NINI INACHELEWA?

Faili inakaa katika kompyuta moja, lakini hiyo kompyuta haitafuti kitu. Inatunza tu, kama kabati. Anayetafuta ni kompyuta ya yule aliyeuliza. Kama jedwali halina faharasa, itabidi ivute jedwali zima kupitia waya ili ipate mwanachama mmoja. Ni kama kubeba gunia zima la maharagwe hadi nyumbani ili mchague kikombe kimoja. Watu watatu wakibeba magunia katika njia moja nyembamba, lazima wasongamane.

PIMENI KWANZA

Chukueni saa na daftari. Fungueni orodha ile ile ya mikopo mara tatu, mkiandika dakika:

(a) Katika kompyuta yenye faili, wengine wakiwa wametoka. Ikichelewa hata hapo, shida iko kwa faili au kwa kompyuta hiyo.

(b) Katika kila kompyuta nyingine, moja moja. Ikichelewa moja tu, angalieni hiyo na waya wake. Zikichelewa zote, angalieni njia na faharasa.

(c) Wote wakiwa kazini. Kama ilikuwa haraka kwa mtu mmoja na ikalegea wa pili alipoingia, shida ni kugawana faili.

DAWA

1. Nakala kwanza. Wote watoke, faili inakiliwe, na nakala itunzwe nje ya ofisi. Msiguse kitu kabla ya hapo.

2. Kubana faili. Rekodi zikifutwa, faili haipungui. Hubaki imefura mpaka ibanwe. Tena faili ya Access haiwezi kupita GB 2.

3. Kuigawa. Majedwali yabaki katika kompyuta kuu; kurasa za kujazia na ripoti ziwekwe katika kila kompyuta.

4. Faharasa kwa namba ya mwanachama na tarehe ya malipo.

5. Tumieni waya, si mawimbi ya hewani. Mawasiliano yakikatika wakati wa kuandika, faili inaweza kuharibika.

6. Kwa shida ya (c), fundi aweke jedwali moja dogo libaki wazi siku nzima katika kila kompyuta.

Mkifanya haya yote na bado inachelewa, ulizeni juu ya kuhamisha majedwali kwa PostgreSQL au MariaDB. Hizo hutafuta zenyewe na kuleta jibu tu. Hazina ada ya leseni, lakini fundi wa kuhamisha atataka malipo yake.

Wakati wa matengenezo, kila malipo yaandikwe kwa daftari na risiti itolewe. Mashine inaweza kungoja. Imani ya wanachama haingoji.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nakala yetu ya mwisho ilifanywa lini, na iko wapi?
2. Nani anajua kuifungua, zaidi ya karani?
3. Tulipima nini kabla ya kupanga kununua?