KUTEMBEA NA WATOTO SIKU YA MUNGU: TUPITE NJIA GANI?



Siku ya Mungu, kiisha ibada na chakula, mtoto anamshika baba mkono: «Baba, twende kutembea.» Ni jambo zuri. Baba aliyemaliza juma nzima kazini, watoto wanamuona usiku tu. Lakini mbele ya kufunga mlango, jiulizeni: tunapita wapi?

Wengi wanapenda kuwaonyesha watoto ule mlima mweusi na shimenee ndefu. Muuangalie kwa mbali. Matanuru ya shaba ya Lubumbashi yalianza kuwaka mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wake kaskazini-magharibi. Moshi ule wa zamani ulipita, lakini madini yaliyoanguka nao yamebaki katika udongo: shaba, kobalti, arseniki, na risasi, ile tunayoita plombi. Mahali ambapo hata majani yanakataa kuota, si pa kuketisha mtoto.

Sababu gani mtoto kuliko baba? Mtoto wa miaka 2, pua yake iko karibu na ardhi. Anaanguka, anaokota jiwe, analamba vidole. Tena tumbo lake linanyonya plombi mara 4 hadi 5 kupita tumbo la mtu mkubwa, na plombi inaharibu ubongo unaokua, mara nyingi bila homa wala maumivu ya kuwaonya. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilometa 3 toka mashimo au viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi sana, na watoto waliwapita wakubwa.

Basi twende penye miti. Mjini tuna bustani ya wanyama, yenye kivuli. Mwenye motokari apeleke jamaa Mikembo, kaskazini-mashariki ya mji, watoto waone pori la miombo jinsi lilivyo. Maporomoko ya Lofoi, katika hifadhi ya Kundelungu, yanashuka zaidi ya meta 300, lakini yangojee mpaka watoto wakomae miguu.

Mtoto wa miaka 3 ndiye anayepima safari, si baba. Mama asisahau kitenge cha kumbebea. Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ni baridi, mvalisheni koti. Asitoke na njaa, kwa maana tumbo tupu linanyonya plombi zaidi. Bukari na ndagala vinamsaidia. Bebeni maji ya kunywa na sabuni. Maji ya mto asiyaguse, hata yakiwa meupe: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi madini.

Na wewe baba, usivae viatu vya kazi. Siku moja nilimkuta binti yangu amekaa mlangoni, kiatu changu cha kazi mapajani, kidole mdomoni. Mimi, mtu wa dawa! Tangu siku ile viatu vyangu havipiti kizingiti.

Mkirudi, mikono ioshwe kwanza, chakula baadaye. Na mtoto mwenye kuzoea kula udongo, msimpige. Mleteni kwetu, tumpime damu.