Mti wa Beyo: Sadaka ya Mwanadamu na Ndege



Ndugu zangu katika imani, sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tukifika mlango wa sadaka yenye kuendelea, mfano hauwi mbali: mti. Leo tuuangalie mti mmoja wa asili wa huku kwetu West Nile, beyo kwa jina la Waacholi. Wataalamu huuita Afzelia africana.

Sifa zake

Wapo wanaouita mwaloni wa Afrika, lakini si mwaloni. Ni wa jamii ya mikunde, pamoja na mkwaju. Ndugu yake wa pwani ni mbambakofi. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha huchipua tena. Ganda la tunda lake ni gumu. Likipasuka huonyesha mbegu nyeusi zenye kofia ya rangi ya chungwa. Mbao zake ni nzito, na mchwa huzishindwa.

Makazi yake

Huota kwenye savana yenye miti na pembezoni mwa misitu, kuanzia Senegal hadi Uganda. Kwetu ni mti wa kaskazini, pande za Arua na Koboko zikiwemo. Hukua polepole: msumeno huangusha kwa muda mfupi kilichokua kwa miongo mingi. Kwa sababu ya kukatwa ovyo, mwaka 2022 mkutano wa CITES huko Panama uliuweka kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali.

Funzo

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba alichopanda Muislamu, kikiliwa na mtu, ndege au mnyama, kwake ni sadaka. Nikiutazama beyo, hadithi hii hunifungukia zaidi. Ile kofia ya chungwa ni chakula cha ndege na wanyama, nao ndio huzisambaza mbegu zikaote kwingine. Anayekula sadaka ndiye anayeiendeleza. Mti mkubwa ukikatwa, riziki yao na miche ya kesho hukatika pamoja.

Basi tufanye mawili. Tukirudi nyumbani likizo, kila mmoja aoteshe mbegu chache, ahamishe miche mvua zikishika, na ailinde na mbuzi na moto. Na tunapojenga, hata ukiwa msikiti, tuulize kwanza mbao zimetoka wapi.

Wabillahi tawfiq.