Mwenye fremu yuko Muscat, anasema kapata hasara. Ukate zuio au usikate?

Wadau mnaouza mtandaoni na mmepanga fremu ya kuwekea mzigo, iwe hapa Milola au Lindi mjini, hili linawahusu. Mwenye fremu anaishi Muscat, anakwambia: "Nimeezeka bati upya, fremu ilikaa tupu miezi minne, hasara tupu. Nipe pango kamili."

Mpe pole, ila kata. Kodi ya zuio haiangalii faida wala hasara yake, inakatwa kwenye pango lenyewe. Mkazi wa Tanzania ni asilimia 10, asiye mkazi ni 15. Mfano pango ni 100,000 kwa mwezi, unalipa miezi 6, jumla 600,000. Unakata 90,000, unampa 510,000. Hiyo 90,000 iende TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na cheti chake mtumie WhatsApp ajue hujala hela yake. Ile miezi minne haikuwa na pango, basi haina zuio. Nafuu yake ndiyo hiyo tu.

Usipokata, TRA hawamfuati Muscat. Wanakudai wewe mpangaji, na riba juu. Kwenye mkataba muandike mapema kama bei mliyopatana ni kabla ya kukata au baada, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo.